Namna ya Kufuga Coton Mjini Babati Bila Kukosana Naye

Kwanza, mchague mweupe pe, ili vumbi jekundu la Babati lipate pa kuandika. Mbwa huyu aina ya Coton de Tulear ana manyoya marefu, laini kama pamba, macho meusi ya mviringo, na mkia anaoukunjia mgongoni akifurahi. Jirani akiuliza mzungu huyu katoka wapi, mwambie ni wa Bahari ya Hindi: asili yake ni bandari ya Toliara, kusini-magharibi mwa Madagaska, na shirikisho la kimataifa la mbwa lilimtambua rasmi mwaka 1970.

Pili, tafuta mlinzi mwingine. Dume zima lina kilo 4 hadi 6. Mwizi akiruka ukuta, atabwekewa kidogo, kisha ataombwa abebe mtu. Kwa ulinzi, mbwa wetu wa kienyeji hana mpinzani, naye anastahili shibe na heshima.

Tatu, toa ahadi ya kuchana. Hapa ndipo wengi hushindwa. Vifundo huanzia nyuma ya masikio na kwapani, mahali usipopaona ukimtazama kwa juu. Shika shina la nywele kwa vidole viwili ili ngozi isivutwe, fungua fundo kuanzia nchani, kidogo kidogo, ndipo upitishe chanuo. Usimwogeshe kabla ya kufungua, maana maji hukaza vifundo. Akitoka kwenye majani, mtoe kishona-nguo tumboni, halafu papasa ndani ya masikio na kati ya vidole, kwani kupe hupenda kujificha humo. Jioni asikaribie ufuko wa Ziwa Babati. Viboko wakitoka kula majani hawatazami uzuri wa mtu.

Nne, usimfunge mnyororo uani. Huyu anaishi kwa kufuatana na watu: ukienda jikoni yumo, ukisali yumo, ukigombana na mwenzio anakaa katikati yenu. Kumwacha peke yake kutwa nzima ni kumtesa, hata kama bakuli limejaa.

Mwisho, mpeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka. Ugonjwa huo dalili zikishajitokeza hauna tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Ukienda, mchukue na yule wa kienyeji wa getini, naye achanjwe siku hiyo hiyo.