Desemba Hii, Shukeni Himo na Darubini

Mwongozo huu ni wa familia zinazopanda Kilimanjaro kila Desemba: gari limejaa mchele, soda, blanketi la bibi na watoto watatu waliolala vichwa vikigongana. Mkifika Himo, kabla ya kupandisha Marangu, washusheni watoto wanyooshe miguu na waambieni watazame juu kwenye nyaya za umeme. Wale ndege weusi wenye mikia ya panda ni mbayuwayu. Wengi wao wametoka Ulaya, wamevuka Sahara nzima, na hawakukata tiketi. Safari imeanza, na hamjalipa hata shilingi.

Sasa mchague kiongozi wa msafara. Baba mwenye gari ataona kiti ni chake. Anyimwe. Baba mdogo aliyenunua kamera kubwa ataleta hoja zake. Asikilizwe kwa heshima, kisha anyimwe naye. Kiongozi ni bibi. Ndiye anayejua ni mti gani hondohondo hutua alfajiri, na ndiye pekee ambaye akisema "nyamazeni" ukoo mzima unanyamaza. Mpeni kiti, chai ya maziwa na darubini, kwa mpangilio huohuo.

Siku ichaguliwe kwa akili. Asubuhi ya baada ya mbege si asubuhi ya ndege. Tarehe 26 iacheni ipite. Amkeni tarehe 27 saa kumi na moja, Mawenzi ikiwa bado haijafunikwa na wingu. Simu zizimwe milio. Shangazi abadilishe lile gauni jekundu, na akigoma, akae nyuma ya mgomba.

Kituo cha kwanza ni kihamba chenyewe, hatua kumi kutoka jikoni. Tafuteni mgomba ambao majani yake yamechanika kama yamepitishwa kwenye kitana, kisha kaeni chini. Mnana dume atakuja. Atadaka ukingo wa jani kwa mdomo, auume, halafu aruke, na utepe mrefu wa kijani utachanika nyuma yake mpaka ukatike. Kwenye tawi anaushika kwa mguu na kuupitisha kwa mdomo, ndani, nje, ndani, mpaka fundo likaze. Hana mkono hata mmoja. Jike akija kukagua nyumba na kuikataa, dume huibomoa na kuanza upya. Hapo shangazi atawatazama wajomba ambao hawajaoa, na bibi atakumbuka miaka yote aliyomfukuza ndege huyu kwa kumharibia migomba. Mwacheni aseme yote. Ana haki, na watoto watakuwa wameshahesabu viota ishirini.

Mkiteremka kwenye matete na mabwawa ya tambarare, yupo mnana mwingine wa kutafuta: wa njano kama dhahabu, dume likiwa na kofia ya rangi ya kahawia. Huyu ni mnana wa Taveta, mji ule ng'ambo ya mpaka wa Holili, na duniani kote anaishi Kenya na Tanzania tu. Kuna Waingereza wanaoweka akiba kwa miaka ili wamwone. Mtoto wa Himo amzoee kama anavyoizoea jezi ya Simba au Yanga.

Mkitaka wanyama wakubwa, Mkomazi ipo karibu kuliko watu wanavyodhani: mnafuata barabara ya Same na kuingia kwa geti la Zange. Ni hifadhi ya taifa tangu 2008, na mwananchi hulipia kwa shilingi. Ulizeni kwanza hali ya barabara za ndani, maana mvua za vuli haziioni Noah kuwa ni gari. Mtawaona swala twiga wakila wamesimama kwa miguu miwili. Mtafuteni pia kanga tumbusi mwenye kifua cha buluu kali, na hondohondo mdogo anayeitwa kwa jina la Carl Claus von der Decken, Mjerumani aliyejaribu kuupanda mlima wetu mwaka 1861 na 1862. Dume ana mdomo mwekundu wenye ncha ya njano, jike ana mdomo mweusi. Mtoto atakayetofautisha wa kwanza anapewa soda nzima.

Lakini nisikilizeni juu ya yule hondohondo mkubwa wa juu, anayepita kihambani mabawa yakivuma hata mbwa anainua kichwa. Jike lake likitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa tu. Dume humlisha kupitia ufa huo, tunda kwa tunda, wiki baada ya wiki. Tundu la namna hiyo haliwi kwenye mti wa miaka kumi. Linataka mti mnene, mzee, wa aina ile ambayo kila Desemba mjomba fulani huipigia hesabu ya mbao.

Kwa hiyo hatua ya mwisho inafanyika kwenye kikao cha ukoo, baada ya michango na kabla ya nyama. Mruhusuni mtoto aliyeshika daftari la ndege asimame asome alichoandika: mnana, viota ishirini, mbayuwayu, hawahesabiki, hondohondo, wawili, kwenye mringaringa wa babu. Kisha bibi amuulize mjomba, mbele ya watu wote, ule msumeno ameazimwa na nani.