Namna ya Kununua Mfumo Bila Kujua Unachotaka

Mkurugenzi amerudi kutoka semina na kauli moja: mwaka huu ofisi iachane na makaratasi. Wewe umeteuliwa katibu wa kamati ya kulinganisha mifumo: ile inayopitisha maombi na vibali yenyewe, na ile inayosimamia kompyuta, leseni na malalamiko ya watumishi. Hongera. Fuata hatua zifuatazo kwa uaminifu na fungu litakuwa limeisha kabla ya Juni 30.

Hatua ya 1: Usiulize kazi inafanyikaje sasa

Mama wa masijala anajua safari nzima ya ombi la tona ya printa. Linaanzia kwa katibu muhtasi, linakwenda kwa mkuu wa kitengo, linalala kwa mhasibu, linarudishwa kwa kukosa sahihi, kisha linapanda ghorofani kwa mtu ambaye hasomi chochote ila lazima agonge muhuri. Mama huyu usimwalike kwenye kikao. Mkimsikiliza, mtajikuta mnajadili ofisi yenu badala ya programu.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali refu

Orodhesha kwenye Excel sifa zote ulizowahi kuzisikia, kisha uwapelekee wauzaji wajaze wenyewe. Watajibu “Ndiyo” kuanzia juu mpaka chini. “Ndiyo” hiyo huenda ni ya kitu kilichopo, kilichopo ukiongeza hela, kitakachokuja toleo lijalo, au kitakachotengenezwa kwa gharama zenu. Usidadisi ni ipi. Jumlisheni alama, washindani watapishana kwa alama mbili tatu, na kamati itapata la kubishania mpaka chai ya saa nne.

Mkikwama, tafuteni ule mchoro wa miraba minne wa kampuni ya Gartner, unaopanga wauzaji kwa maono yao na uwezo wao wa kuyatekeleza. Chagueni nukta iliyo juu kabisa kulia. Mchoro huo unawapima wauzaji katika soko la dunia, wala haujui kwamba nyinyi mko sitini na mtu wa TEHAMA ni mmoja. Msiuharibie raha.

Hatua ya 3: Pigeni makofi kwenye onyesho

Muuzaji atakuja na laptopu yake na mtumishi wa mfano anayeomba likizo. Atabofya, ujumbe utamfikia bosi wa mfano, bosi atabofya, alama ya kijani itawaka. Sekunde kumi tu. Hapo ndipo pa kupiga makofi. Ole wake atakayeuliza: bosi akiwa safarini Dodoma na hajakaimisha mtu, ombi linakwenda wapi? Na aliyekaimishwa naye akiwa likizo? Nusu ya maisha ya ofisi imo kwenye maswali hayo, na mkiyaacha leo mshauri mwelekezi atakuja kuyajibu baadaye kwa malipo ya kila siku.

Hatua ya 4: Tazama bei, usitazame gharama

ServiceNow, kampuni ya mifumo ya aina hii iliyoanzishwa na Fred Luddy huko California mwaka 2004, hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, na kwa miaka mingi iliyapa majina ya miji kwa kufuata alfabeti: Aspen, Berlin, Calgary, na kuendelea. Ilikuwa jiografia nzuri. Ila kila kipande mlichojishonea wenyewe ndani ya mfumo inabidi kijaribiwe upya toleo jipya linapowadia, na kazi hiyo haimo kwenye ankara ya leseni.

Kuna pia wauza roboti, kama UiPath iliyoanzia Bucharest mwaka 2005. Usisubiri mikono ya chuma. Roboti hiyo ni programu inayobofya skrini zilezile ulizokuwa ukizibofya wewe. Kama fomu ilikuwa inapita meza sita bila sababu, sasa itapita meza sita kwa kasi ya kutisha. Na siku skrini ikibadilishwa, roboti itasimama, huku aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa mkono ameshahamishwa kitengo.

Programu huria za kazi hii, kama GLPI, kaa nazo mbali. Kuipakua ni bure, hivyo hutaletewa kalenda wala mwamvuli mwisho wa mwaka.

Hatua ya 5: Amini wingu

Siku hizi mifumo mingi inakaa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wengine. Aprili 2022, kampuni ya Atlassian ya Australia ilifuta kwa bahati mbaya tovuti za wateja wake wapatao 775 kwenye zoezi la usafi wa kawaida. Wengine walisubiri mpaka siku 14 kurudishiwa. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na ofisi za Dar es Salaam na Nairobi zikabaki zinatazama kiduara kikizunguka. Kwa hiyo usiandike popote kazi itaendeleaje mtandao ukikata. Mtashauriana siku hiyo hiyo, kwa simu.

Hatua ya 6: Desturi yenu isiguswe

Hii ndiyo hatua kuu, na ina mashahidi wakubwa. Lidl, wenye maduka ya vyakula wa Ujerumani, walikuwa na mazoea ya kuthamini bidhaa zao kwa bei ya kununulia. Mfumo wa SAP waliouchagua ulizoea bei ya kuuzia. Walikataa kubadilika, wakaukunja mfumo uwafuate. Kazi iliyoanza mwaka 2011 ilisimamishwa mwaka 2018, baada ya kumeza kiasi kinachotajwa kuwa karibu euro milioni 500.

Halmashauri ya Jiji la Birmingham, Uingereza, nayo iliurekebisha mfumo wa Oracle ufuate taratibu zake za zamani. Ulipowashwa Aprili 2022, hesabu za benki hazikuoana na vitabu. Makadirio ya awali yalikuwa takriban pauni milioni 19. Gharama zikavuka milioni 100.

Tarehe ya kuwasha nayo ipangwe kwa kalenda ya mgeni rasmi. Hershey, watengeneza chokoleti wa Marekani, waliwasha mifumo yao mipya Julai 1999, msimu wa peremende wa Halloween ukibisha hodi. Chokoleti ilikuwapo ghalani, mfumo ukashindwa kuipeleka madukani, na oda za takriban dola milioni 100 zikakwama. Kwetu, wiki ya mishahara inafaa sana.

Tahadhari ya mwisho

Katika kila kamati huwa kuna mtu mmoja mkimya. Siku moja atachukua kalamu, achore safari ya ombi la tona ubaoni, kisha aulize: hii sahihi ya nne inazuia nini? Mzimeni haraka. Mkimwachia, mtagundua kwamba sahihi tatu hazizuii chochote, mtazifuta jioni ileile, na tona itafika keshokutwa kwa fomu ya karatasi. Baadaye mtanunua mfumo mdogo wa kupitisha sahihi mbili zilizobaki, wauzaji watalinganishwa kwa ukurasa mmoja, na fungu litabaki na chenji. Hakutakuwa na hafla ya uzinduzi, wala mgeni rasmi, wala posho ya kikao. Na mkurugenzi atakuuliza kwa nini kamati yako imefanya kazi kidogo hivyo.