Barua ya wazi kwa mwenye mabasi na malori: betri zikifa, huenda wapi?

Kwa Mheshimiwa Bwana,

Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani jambo ambalo adabu ingetaka nije nikuambie nyumbani kwako, nimevua viatu mlangoni. Njia ya kukufikia sina, na jambo lenyewe linawahusu wengi kuliko mimi na wewe. Jina lako silitaji, kwa kuwa sikuja kukushtaki. Mabasi yako tunayapanda, malori yako ndiyo yanayopeleka bara mzigo wa bandari ya Mombasa, na wapo watoto mtaani kwetu waliosoma kwa karo uliyolipa wewe. Mungu akuzidishie. Nalisema hilo kwa moyo mweupe.

Ukiniruhusu, nilikuwa naomba tuzungumze juu ya betri.

Betri ya lori ikifa, fundi wa waya huifungua akaiweka pembeni mwa gereji. Zikishakuwa nyingi anakuja kijana na mkokoteni, zinapimwa kwa kilo, pesa inatolewa papo hapo. Karani anaandika mapato, na kwa kampuni habari imekwisha. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni madini ya risasi, na anayeitaka risasi hiyo lazima aivunje betri. Penye haraka na uficho hupasuliwa kwa shoka, maji yake makali yakamwagwa mtaroni, vile vibao vya ndani vikatiwa tanurini. Moshi unapanda, vumbi linashuka: juu ya mabati yanayokinga maji ya mvua, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mchanga ambao mtoto wa miaka miwili anauchezea kisha anatia kidole mdomoni. Baba anayefanya kazi pale hurudi nalo nyumbani kwenye shati.

Mheshimiwa, wewe ni mfanyabiashara, nami kukufundisha biashara ni utovu wa adabu. Nivumilie nikisema tu nilivyoliona. Mnunuzi wa uani huweza kukupa bei nzuri kuliko mwenye kiwanda halali, kwa sababu yule wa halali ana vichujio vya moshi vya kulipia, bafu la wafanyakazi, sare zinazofuliwa kazini na vipimo vya damu. Mwenzake hana gharama hizo. Zipo, lakini amewaachia majirani wazilipe. Kwa hiyo ile ziada anayokuongezea kwa kila kilo imetoka kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Mfano hatuhitaji kuutafuta mbali. Owino Uhuru iko hapa hapa Mombasa, na wakazi wake ni kama 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwao, kikafungwa 2014. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na walipompima damu wakakuta risasi. Alipaza sauti, akakamatwa, hakunyamaza, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Wakazi walikwenda kortini. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Naomba utazame jinsi deni hilo lilivyogawanywa. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibebeshwa asilimia 40 kwa uzembe wake wa kusimamia. Wizara mbili na mamlaka inayosimamia maeneo ya viwanda vya kuuza nje zikabebeshwa mafungu yao. Aliyeyeyusha betri zenyewe alipewa asilimia 25. Mahakama ilikuwa na haki ya kuziadhibu idara zilizolala. Ila fedha ya idara ni kodi, na kodi hiyo analipa hata mama muuza mboga kila anunuapo sabuni. Faida ilikuwa ya wachache, na sehemu kubwa ya hasara inarudi kwa umma, wakiwemo wale wale walioivuta hewa ile.

Na hiyo ni hasara inayohesabika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huifyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Inapunguza damu, inaumiza figo, inadumaza ubongo ungali unakua, na kilichodumaa hivyo hakirudi. Mifupa huihifadhi kwa miaka mingi. Msichana aliyeivuta utotoni huweza kuja kumgawia mwanawe aliye tumboni. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 penye kazi ya betri kuukuu. Mheshimiwa, hapo kalamu yangu ilisimama kwa muda mrefu.

Sadaka zako sizidharau hata chembe. Kisima ni kisima, na futari unayoituma Ramadhani inaliwa kwa shukrani. Naamini tu kwamba haki ya jirani hutangulia sadaka, na kwamba mtu wa moyo wako angependa kujua kama ziko shilingi zilizoingia kwake kwa njia hii bila yeye kukusudia.

Ombi langu, kwa unyenyekevu wote, ni kwamba gereji zako zianze daftari la betri kuukuu: imetoka gari gani, imechukuliwa na nani, imeishia wapi. Asiyeweza kuonyesha leseni na tanuri lake asiuziwe, hata akiongeza bei. Na ile tofauti ya bei utakayoikosa, kama itakupendeza, uiandike kuwa gharama ya usafiri, kwa sababu ndivyo ilivyo. Wenye magari wengine wanakutazama wewe. Ukikataa kuuza uani, mnunuzi wa uani atakosa mzigo mkubwa kuliko yote, na wenye viwanda halali watapata kazi.

Nasubiri jibu lako, hata likiwa la kunikosoa. Daftari likianza, niko tayari kuja kusaidia kulipanga, siku na saa utakayoniamuru.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mombasa