Imepikwa Lini?

Mtu akikukaribisha rubisi, pombe ya ndizi, kule Ngara, wa kwanza kuinywa ni yeye mwenyewe. Anamimina kikombeni, anapiga funda moja mbele yenu wote, anatulia kidogo, ndipo anapitisha. Wageni wa Dar es Salaam hudhani mwenyeji amezidiwa na kiu. Kumbe anawaonyesha kwamba haina sumu. Akishawaonyesha hilo ameingia kizimbani mwenyewe, maana kuanzia hapo kila aliyekaa ana haki ya kusema lililo moyoni. Na watu husema. Vilima vya Rulenge vina adabu nyingi, kijana humsalimia mkubwa kwa mikono miwili na kuinama, lakini kibuyu kikianza kuzunguka adabu yote huwekwa chini ya kigoda. "Umeiongezea maji, ndugu yangu." "Huu mtama hukuukaanga, umeuunguza." "Hizi ndizi zimetoka shimoni kabla ya siku zake." Mwenye pombe anatazama miguu yake. Kubisha ni kukiri.

Nimeoa Biharamulo, upande wa Nyakahura, kwa mzee ambaye kwa kuonja rubisi sijamwona wa kumkaribia. Akipewa kikombe haanzi kunywa. Anakinusa, anapuliza povu likimbilie upande wa pili, anavuta tone kwa mlio mkali unaowaamsha waliosinzia, kisha analishikilia mdomoni macho yakiwa darini. Watu wote tunangoja. Akimeza anauliza swali moja tu: "Imepikwa lini?" Si kwamba hajui. Anajua mpaka saa. Anachotaka ni kuona kama utamdanganya.

Swali lenyewe lina msingi, kwa sababu rubisi ina umri mfupi. Ndizi za pombe huvundikwa shimoni juu ya majani ya migomba, au juu ya jiko kule moshi unakopita, siku kadhaa mpaka ziive barabara. Zikimenywa hutiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, vijana walionawa miguu wanapanda na kuzikanyaga mpaka nyasi zikamate makapi na maji ya ndizi yabaki peke yake. Maji hayo matamu watoto huyagombania kabla hayajachujwa. Kinachofuata ni unga wa mtama uliokaangwa, mfuniko wa majani, na subira ya usiku mmoja. Kesho yake ni tamu na haijui kutisha. Bibi anakunywa, katekista anakunywa, na mkwe mpya anakunywa bila kuharibu jina. Keshokutwa ndiyo yenyewe. Siku ya tatu imechachuka na inatafuta ugomvi. Ya nne wenye tamaa huipeleka kwenye moto na mapipa, na hapo polisi nao wana neno lao.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa kwa kalenda hiyo, mketishe mbele ya chupa iliyoandikwa 2017.

Ilikuwa Krismasi. Shemeji yangu, kitinda mimba wa mzee, anafanya kazi Dodoma, na mwaka huo aliapa kwamba familia itakula chakula cha usiku "kistaarabu". Aliteremka kwenye basi na katoni ya waini: nyeupe, nyekundu tamu, na nyekundu isiyo na sukari hata ya kusingiziwa. Mimi nilitoka Ngara na dumu la rubisi ya nyumbani, kwa kuwa kwenda ukweni mikono mitupu hakuna maelezo yake. Njiani nilipita Benaco. Dunia iliijua Benaco mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka Rusumo na kujaa pale, lakini jina lenyewe liliachwa na kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Na Benaco ni jina la kale la Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, ziwa ambalo kando yake hulimwa zabibu za waini iitwayo Bardolino. Kwa hiyo sisi watu wa Ngara tuna jina la nchi ya waini njia panda kabisa, tunapita nalo kila siku tukiwa tumepakata madumu ya ndizi.

Chakula kilikuwa tayari: ndizi za maharage, sato wa kukaanga, ugali wa muhogo kwa wasioamini ndizi, na sahani ya senene waliotoka Muleba. Shemeji akasimama kutuhutubia. Akaeleza kwamba zabibu za Dodoma zilianzia kwa wamisionari wa Kikatoliki kule Bihawana miaka ya 1950. Kwamba Makutupora kuna kituo cha utafiti, na iko zabibu nyekundu iliyopewa jina hilo. Kwamba wakati Wazungu wanavuna mara moja kwa mwaka, Wagogo wanavuna mara mbili. Hapo mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Mkulima yeyote anaelewa kuvuna mara mbili. Tatizo likawa kizibo.

Chupa mbili zilikuwa na vifuniko vya kuzungusha, hizo hazikuleta neno. Nyekundu kavu ilikuwa na kizibo cha gome, na ile parafujo ya kukitolea ilikuwa imebaki Dodoma kwenye droo. Pale Nyakahura magari makubwa ya kwenda Kigali na Bujumbura hupita usiku kucha, kwa hiyo vifaa vya kufungulia injini vipo tele. Cha kufungulia waini hakuna. Aliitwa fundi pikipiki wa jirani. Akaja na skrubu ndefu, bisibisi na praizi, akaiweka chupa katikati ya magoti. Skrubu ikaingia vizuri. Akavuta, ikatoka skrubu na unga wa kizibo. Akaingiza nyingine nene zaidi, ikatoka na nusu ya kizibo. Nusu iliyobaki aliitazama kwa muda, akasema, "Hii haitaki kutoka, inataka kuingia," akaisukuma ndani kwa kidole gumba, na waini ikamrukia kifuani. Akailamba kwenye mkono, akafikiri, akasema hakuna malipo. Kilichobaki kilichujwa kwa chujio la chai.

Shemeji alimkabidhi glasi ya kwanza mzee mmoja, katekista mstaafu, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote mezani. Ni hapo jioni ilipogeuka. Yule mzee, katika miaka yake yote, waini nyekundu aliiona sehemu moja tu, mikononi mwa padri. Alipokea glasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba. Mke wa jirani naye akafanya. Watoto wakaacha kutafuna. Shangazi aliyekuwa anacheka jikoni akanyamazishwa. Glasi zikapita kwa utaratibu wa kanisani, kila mtu funda moja dogo, macho chini, na baada ya kumeza watu wanne walitaka kupiga magoti ila nafasi haikutosha. Shemeji akauliza kwa furaha, "Mnaionaje?" Hakuna aliyejibu. Nani atatoa maoni juu ya divai? Akauliza kama kuna wa kuongezewa, na katekista akamtazama kwa namna ya mtu anayesikia ombi la kukomunika mara mbili.

Aliyetuokoa ni baba mkwe. Alichukua glasi yake, akanusa, akapuliza povu ambalo halikuwepo, akavuta kwa ule mlio wake, macho darini. Akameza. Uso ukajikunja kuanzia masikioni.

"Imepikwa lini?"

Shemeji, kwa fahari, akamsogezea chupa na kumwonyesha: elfu mbili na kumi na saba. Alidhani anamaliza mjadala. Mzee aliweka glasi mezani taratibu.

"Mwanangu. Umetuletea pombe ya miaka yote hiyo, na tumbo la katekista ni hili hili moja?"

Shemeji akaeleza kwamba waini nyingine huzidi kuwa nzuri kadiri inavyokaa. Mzee akamwambia hilo ndilo kila mpikaji anayetaka kuuza ya siku ya tatu husema. Shemeji akaeleza habari ya mapipa, habari ya ngozi ya zabibu na ule ukali wake unaokausha ulimi. Mzee akakubali kwamba ulimi umekauka. Alichokataa ni kulipia. Mimi nilikuwa naipenda, kusema kweli. Ilikuwa na ukakasi wa zambarau zilizochumwa mapema, na chini yake kitu cha moshi kilichonikumbusha ndizi zilizoiva juu ya jiko. Lakini mkwe hatoi hukumu mbele ya baba mkwe, kwa hiyo nilisema nyama ingekuwepo ingeipa nafasi ya kujitetea, na nikanyamaza.

Hukumu ya wanawake ilifika kwa njia yake. Mama mkwe na mimi hatuli meza moja, na hilo halikuwa la kuvunjwa kwa sababu ya katoni ya Dodoma. Alikuwa chumba cha pili, glasi zikipelekwa na mjukuu wa darasa la kwanza, na maoni yakirudi kwa mjumbe huyo huyo. Juu ya nyekundu kavu mtoto alikuja akasimama wima: "Bibi anasema, ni dawa ya nini?" Juu ya nyekundu tamu: "Bibi anasema hii afadhali, ila mmeipunguza, mbona glasi haijajaa?" Juu ya nyeupe hakurudi kabisa. Tulimkuta baadaye anashikilia sahani ya senene, bibi akila na kunywa, kula na kunywa, chupa iko chini ya khanga.

Na ninataka iandikwe mahali fulani kwamba mama mkwe alikuwa sahihi. Senene waliokaangwa kwa chumvi na mafuta yao wenyewe, wakavunjika menoni, halafu ukawafuatishia waini nyeupe ya Dodoma iliyopozwa kwenye ndoo ya maji ya kisima: sijui kinachoshinda hapo. Ukali wa zabibu unakata mafuta, chumvi inaitoa ile harufu ya ndimu, na mkono unarudi sahanini bila kutumwa. Wapishi wa hoteli kubwa wanaohangaika na jibini wangepanda basi la Biharamulo mwezi wa Novemba wangepumzika.

Rubisi yangu ya Ngara nayo ilikaguliwa, usidhani ilisamehewa. Baba mkwe alionja akasema, "Imesafiri." Kweli ilikuwa imesafiri. Kisha akasema Ngara mnaharakisha, mnafikiri mtama utafanya kazi ya ndizi. Hapo ni ugomvi wa siku nyingi kati ya wilaya hizi mbili, nami nilimjibu kwa upole kwamba Biharamulo wanategemea asali kuficha makosa. Kilichofuata hakichekeshi sana. Alisema ndizi nzuri za pombe siku hizi anazitafuta kwa tochi. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoa wetu wa Kagera, miaka ya 2005 na 2006, ulianza na kayinja, ile ile ya pombe, kwa sababu nyuki na wadudu wengine hulifuata sana ua lake na kuhamisha ugonjwa mgomba hadi mgomba, na panga la mwenye shamba likamalizia. Mzee aling'oa sehemu kubwa ya shamba na kufukia. Mpaka leo panga lake analipitisha motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine, na ua la dume analivunja mapema kwa kijiti cha panda, hagusi kwa chuma. Dumu moja la rubisi yake lina kazi ambayo chupa ya 2017 ingeiheshimu kama ingeonyeshwa.

Ndiyo maana alipompa shemeji dumu la lita tano arudi nalo Dodoma, ilikuwa ni zawadi nzito. Alimwelekeza mbele yetu: mdomo ufunge kwa jani la mgomba, lipumue. Pombe hii bado inafanya kazi humo ndani, inatoa hewa. Ukiibana itatafuta mlango wake. Shemeji akaahidi.

Kondakta wa basi hakuwepo wakati wa maelekezo. Aliona jani, akasema kitu cha majimaji hakipandi bila kifuniko, akakitafuta kifuniko mwenyewe na kukikaza kwa nguvu za mtu aliyekunywa uji. Dumu likawekwa juu, kwenye kibebeo cha mizigo. Barabara ya kwenda Lusahunga ikaanza kulitikisa, jua likawa linalipiga kupitia dirishani. Shemeji anasema lilianza kuvimba polepole, akalitazama, akajiambia ni macho. Karibu na Nyakanazi likapasuka kwa mshindo uliomfanya dereva akanyage breki na kuteremka kukagua matairi. Tairi zote zilikuwa nzima. Ndani, viti vinne vya mbele vilikuwa vimelowa rubisi ya siku ya pili, yenyewe hasa, na shati la kwendea kazini limegeuka rangi.

Alitupigia simu toka pale pale, akiwa kwenye spika, sisi wote tumezunguka simu barazani. Alisema abiria hawakukasirika sana. Mama mmoja wa kiti cha tatu alikuwa amejifuta shavuni, akaramba kidole, akatulia, akatangazia basi zima: "Hii ya Ngara. Mtama umezidi."

Shangazi akacheka mpaka akashika nguzo. Mimi nikatazama pembeni. Baba mkwe aliichukua simu mkononi, akaileta karibu na mdomo. Hakuuliza habari ya shati, wala ya dumu, wala kama kuna aliyeumia.

"Huyo mama," alisema, "anashukia wapi?"