Plagini ya Msimu wa Pamba

Watu wanaozimwagia plagini nyota tano wote wanaishi mahali penye wageni wengi. Nimesoma maoni yao mpaka bando likakata. Huyu anasifu kwamba ameiweka na kuisahau, yule anashukuru kwamba kazi zinajifanya zenyewe usiku yeye akiwa amelala. Hongereni sana. Mimi niko Bariadi, na huku kinacholala usiku ni plagini yenyewe.

Kwa wasiohusika na balaa hili: tovuti ina kazi za nyuma ya pazia ambazo mteja hazioni. Kutuma meseji, kuchapisha tangazo kwa saa iliyopangwa, kuhifadhi nakala, kufuta takataka. Kazi hizo hupangwa na plagini ya ratiba. Kwenye seva za Unix kuna mtunza saa wa kweli aitwaye kroni. Yupo tangu miaka ya 1970 na hamsubiri mtu. Dakika yake ikifika, anafanya. WordPress, ambayo ndiyo imebeba tovuti nyingi za huku kwetu, haiwezi kujua kama seva uliyopangishiwa itakuruhusu kumgusa kroni huyo, kwa hiyo ikajitengenezea wa kwake. Wa kwake ni kama mlinzi anayelala mpaka geti ligongwe. Mgeni akifungua ukurasa, mlinzi anashtuka, anaangalia saa, anakuta kazi ya jana jioni imemsubiri, anaikimbilia. Asipogonga mtu, mlinzi anakoroma. Na plagini nyingi za ratiba, hata Action Scheduler inayokuja ndani ya WooCommerce, kwa kawaida zinamtegemea mlinzi huyohuyo aziamshe. London geti linagongwa kila sekunde. Mlinzi atasinzia saa ngapi? Ndipo zinapotoka nyota tano.

Sasa njoo kwangu. Nina kibanda cha steshenari hapa mjini, natoa fotokopi, najazia vijana maombi ya ajira, na pembeni natengeneza tovuti. Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja anayetotolesha vifaranga. Tovuti yake ni safi, ina picha za kuku walionona kuliko mimi, na inafanya jambo la maana: ukinunua vifaranga, namba yako inaingia kwenye ratiba, unakumbushwa chanjo kwa meseji. Siku ya 7 kideri, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 kideri tena. Ujumbe unatakiwa utoke jioni ya kuamkia chanjo, mkulima akiwa ametoka shamba na simu yake imetoka kuchajiwa dukani.

Mama akasema saa 12 jioni. Simu yangu ikaandika 18:00. Ripoti ya plagini, inayohesabu kwa saa za dunia na kutuacha nyuma kwa saa 3, ikaandika 15:00. Na ujumbe ukatoka saa 4 asubuhi, siku mbili baadaye, mtu fulani alipofungua tovuti kuuliza bei ya mayai. Mteja wa Dutwa akapokea siku ya 8 maneno yanayosema: "Kesho ni siku ya 7, chanja kideri." Akampigia mama kumuuliza kama Bariadi mjini tarehe zinarudi nyuma.

Maoni ya watumiaji huku hayana nyota. Yanakuja kwa miguu, yanasimama mlangoni, yanasubiri umalize fotokopi ya mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, kile kidude chako kimelala tena."

"Mama, hakijalala, hakijapata mgeni."

"Mgeni wa nini? Nilikulipa kitume meseji, sikukulipa kipokee wageni."

Utajibu nini hapo? Mama hajasomea kompyuta, lakini ametaja kasoro ya muundo mzima kwa sentensi moja, jambo ambalo wale wa nyota tano wameshindwa.

Mtaniambia, si ulipie kroni ya kweli? Kifurushi chetu cha seva ni cha bei ya chini, hakina. Kilicho nacho kinalipwa kwa dola, na mama akisikia dola anahesabu magunia ya pumba. Si zipo huduma za bure za kugonga geti kutoka nje kila baada ya dakika chache? Zipo, nikajiunga. Wenye seva wakamwona huyo mgongaji ni roboti mwenye nia mbaya, wakamfungia. Kisha, kwa kuwa mtandao wetu ni wa kusuasua, nilikuwa nimeweka plagini nyingine ya kuharakisha kurasa, ambayo humpa mgeni nakala iliyokwisha kuandaliwa bila kuisumbua WordPress. Maana yake, hata wageni wachache tunaowapata wanahudumiwa barazani, wanaaga, na mlinzi ndani hana habari. Nikaiondoa. Tovuti ikawa nzito, wageni wakapungua zaidi.

Kitu ambacho hakuna mtumiaji wa Ulaya aliyewahi kukiandika ni kwamba plagini hii inafuata msimu wa pamba. Mei ununuzi ukifunguliwa, mizani ya AMCOS, ushirika wa wakulima, inaanza kazi, pesa inaingia kwa wakulima kutoka Itilima mpaka Meatu, na kila mtu anakumbuka mipango yake. Mwingine anaezeka bati, mwingine anaoa, na wengi wanaamua kufuga kuku. Simu zina bando. Tovuti ya mama inafunguliwa mchana na usiku, mlinzi hafumbi jicho, meseji zinatoka saa 12 kamili mpaka unadhani mitambo iko Uswisi. Wangeniuliza maoni yangu Juni, ningetoa nyota sita. (Mwaka 2018 Nane Nane ya kitaifa ilipoletwa Nyakabindi, mji ulifurika wageni kutoka kila kona. Najuta kwamba tovuti haikuwepo.)

Halafu inakuja Novemba. Watu wanapanda, Januari wako kwenye palizi, pesa ya pamba ilishageuka bati, na mwenye bando anamtafutia dawa ng'ombe. Hakuna anayefungua ukurasa wa vifaranga. Na vifaranga havijui msimu. Siku ya 14 inafika palepale. Juni mama huniletea michembe na karanga. Januari huniita kwa jina langu kamili, lile la kwenye cheti.

Tukajaribu kuajiri mgeni. Mjukuu wa mama, yuko Lamadi, akapewa kazi ya kufungua tovuti kila jioni, analipwa kwa vocha. Ilikwenda vizuri mpaka vocha ilipochelewa. Akagoma, na mgomo wake ukasimamisha chanjo za wilaya tatu. Ndiyo, plagini ya kisasa, ya kufanya kazi yenyewe, ikasimama kwa sababu ya mtoto wa kidato cha pili kukosa vocha.

Kisha, mwezi uliofuata, meseji zikaanza kutoka vizuri zenyewe, mpaka za alfajiri. Mama akafurahi, mimi nikaingiwa na wasiwasi, maana sikuwa nimegusa kitu. Nikafungua kumbukumbu za seva. Kumbe usiku kucha kulikuwa na watu wa mbali, au mashine zao, wakibahatisha nywila ya mama ili waingie. Kila wakijaribu, WordPress inaamka, na ikiamka inatuma kwanza meseji za kideri. Wenye seva waliomfungia mgongaji wangu halali hao walikuwa hawajawaona.

Mtu mwenye akili timamu hawezi kuacha wezi mlangoni. Nikaufunga ule mlango huko huko kwenye seva, nikabadilisha nywila, nikamweleza mama kila kitu kwa utaratibu. Baada ya siku mbili meseji za Maswa zikachelewa. Mama akaja, hakusubiri hata salamu.

"Fundi, wale wezi walikuwa wamekukosea nini? Waache wagonge. Wewe hakikisha tu hawaingii."