Kipunji na Mkungu wa Ndizi

MKUNGU: Ugonile, mjukuu. Nasikia kuna msemo mpya mjini: utalii wa chakula unaohuisha ardhi. Eti sasa na mimi ni kivutio, kama lile daraja la mawe liitwalo Daraja la Mungu!

KIPUNJI: Ndaga, babu. Usijivune mapema. Mgeni akipanda mlima Ngosi na boksi la chakula lililofungwa Mbeya mjini, wewe atakupiga picha tu. Hesabu hizi nazijua. Watafiti waliniona huku Rungwe mwaka 2003 na baadaye wakatangaza kima mpya, ilhali Wanyakyusa walishanipa jina. Kisha ndugu yangu mmoja akanaswa na mtego shambani mwa mahindi, na mzoga wake ndio uliotupatia jenasi yetu wenyewe, Rungwecebus, mwaka 2006. Mla mahindi akaingia vitabuni, aliyeyalima akabaki na mabua. Mkulima wa kando ya msitu hunilisha bila kupenda. Mkitaka aache kutega, biashara ya wageni ianzie jikoni kwake.

MKUNGU: Maneno matamu, lakini wageni wenyewe ni wa kuhesabu. Lori moja la soko la Kiwira likielekea Dar es Salaam limebeba ndizi nyingi kuliko watakazomaliza wao. Na parachichi, ambalo China ilikubali kulipokea mwaka 2022, likae likisubiri mtalii mwenye njaa?

KIPUNJI: Lori liendelee, sikatai. Ila dalali anatazama ukubwa wako tu, haulizi shamba limebaki na nini. Mgomba unakula potasi kwa wingi, na kila mkungu unaopakiwa unaondoka na sehemu ya rutuba. Ndizi ikipikwa hapahapa Tukuyu, maganda anapewa ng'ombe bandani, samadi yake inarudi shinani kwako. Iliyoliwa Dar es Salaam hairudishi maganda nyumbani. Tena sahani ya ndizi na maharage inamlipa mpishi, na mgeni akiongeza mtindi na chai, analipwa mfugaji na mchuma chai. Wageni wachache wanaolipa hivyo hawatalishinda lori, lakini wanalipia kile ambacho lori halilipii kamwe.

MKUNGU: Mgeni atataka usafi. Kwa mama lishe atakaa?

KIPUNJI: Atakaa, akikuta maji ya kunawa yanayotiririka, choo safi na bei iliyoandikwa ubaoni. Hayo ni nafuu kuliko kujenga hoteli.

Hapa namuunga mkono kipunji, ingawa ni mwizi wa mahindi. Hoja ya Mkungu kwamba soko la mbali ni kubwa zaidi ni ya kweli, lakini haijibu swali la nani anaurutubisha udongo na nani anabeba hasara ya kuishi jirani na msitu. Hoteli inayonunua viazi na ndizi kwa wakala, kisha ikaandika “kutoka kwa mkulima” kwenye orodha ya vyakula, haijahuisha chochote. Kwa hiyo msomaji, ukiuziwa safari ya chakula Rungwe, omba daftari la manunuzi: kijiji, kilo, na bei aliyolipwa mkulima. Wakikosa kulionyesha, shuka stendi ya Tukuyu, uliza mama lishe yuko wapi, ulipie sahani yako hapo.