Wiki ya Foleni, Randburg, Afrika Kusini

Jumatatu

Umeme umekatika alfajiri, mtaa mzima wa Ferndale. Majirani wanasema kebo imeungua. Kompyuta yangu ilikuwa imekesha ikiiga mwendo wa mnyororo wa sukari ndani ya maji, nayo ikazimika kazi ikiwa katikati. Itaanzia pale ilipohifadhi mara ya mwisho, yaani jana jioni. Saa za usiku mzima zimepotea, na hakuna wa kuzirudisha.

Sukari yenyewe si ya chai. Ni ganda la bakteria wa nyumokokasi, anayewaletea watoto nimonia na homa ya uti wa mgongo. Bakteria huyo hujivika minyororo ya sukari, na kingamwili zetu humshika papo hapo kwenye ganda. Aina za maganda zinazojulikana zimepita 90, na kingamwili iliyozoea aina moja inaweza kuipita nyingine bila kuitambua. Kila mzazi anastahili kulijua hili.

Jumanne

Leo ni zamu ya maji. Bomba limekauka tangu usiku. Mama mwenye nyumba amenikabidhi ndoo mbili na wadhifa wa mjumbe wa nyumba kwenye lori la maji. Mzee aliyekuwa mbele yangu alikuja na mapipa, kwa ajili yake na kwa wajane wa mtaani kwake. Alipojaza la mwisho, maji ya lori yakaisha. Nikamsaidia kuyasukuma, kisha nikarudi na ndoo tupu.

Kwenye modeli yangu ya kompyuta pia maji ndiyo yanayosumbua. Sukari imejaa vikundi vya hidroksili, ambavyo hupenda kushikana na maji. Protini ya kinga ikitaka kuishika sukari, sharti maji yapishe kwanza, na kuyaondoa kunagharimu nishati. Ndiyo sababu mshiko wa sukari moja huwa dhaifu, na mwili hushika nyingi kwa mpigo. Katika damu yetu imo protini inayoshika manosi, yenye vichwa vingi kwa kazi hiyo. Mwaka 1992 William Weis, Kurt Drickamer na Wayne Hendrickson walichapisha umbo la kichwa cha protini ya aina hiyo kikiwa kimeshika sukari: ayoni ya kalsiamu imekaa kati, imeshikwa na protini upande mmoja na sukari upande wa pili. Modeli isiyoyahesabu maji hupendeza macho na kudanganya. Hesabu ya maji haikwepeki.

Jumatano

Nimepanda teksi ya abiria Malibongwe Drive, nikapata kiti cha mbele. Huku daladala haina konda. Anayekaa mbele ndiye mweka hazina. Nauli zikapitishwa toka nyuma, nikahesabu, ikapungua ya mtu mmoja. Dereva akaegesha pembeni, akazima injini. Tukangoja mpaka kijana wa kiti cha mwisho alipovua spika za masikioni. Nimefika kazini nimechelewa, lakini hesabu ilikuwa sahihi.

Kazi yangu ya uigaji nayo imekwama kwenye foleni ya kompyuta kuu tunayoitumia wengi. Haijafikiwa. Kila hatua ya uigaji ni femtosekunde 2 tu. Ili kuiona mikrosekunde moja ya mwendo wa sukari, zinahitajika hatua milioni 500, na katika kila hatua nguvu inayoisukuma kila atomu hukokotolewa upya. Mnyororo wa sukari hautulii. Hujipinda, hujinyoosha, hugeuka kwenye kila kiungo. Kingamwili huutambua kama mtu anavyomtambua jirani gizani kwa mwendo wake. Picha moja haitoshi, kwa hiyo tunangoja.

Alhamisi

Foleni ya kibali cha kuishi imeanza kabla ya jua. Saa nne mfumo ukazimika. Tukaambiwa tukae. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja wa Bukavu, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Akaniuliza, "Papa, mtoto huyu anachomwa sindano kila mara juu ya nini?" Mfumo ulikuwa bado umezimika, basi nikapata nafasi ya kumjibu kwa kituo.

Nikamwambia, "Mama, wadudu wa nimonia wana aina nyingi, nazo zinafanana sana." Nikamtolea mfano wa aina mbili, 19F na 19A. Minyororo yao imejengwa kwa sukari tatu zilezile pamoja na fosfeti. Katika 19F glukosi imeunganishwa na kaboni namba 2 ya ramnosi. Katika 19A imeunganishwa na namba 3. Basi. Chanjo ya aina 7, yaani yenye aina saba za maganda, ilikuwa na 19F bila 19A, na kinga yake dhidi ya 19A ikawa ndogo. Mwaka 2015 Michelle Kuttel, Neil Ravenscroft na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha modeli za kompyuta zinazolinganisha maumbo ya minyororo hiyo miwili. Kiungo kimoja kikihama, mtoto anaweza kukosa kinga.

Akaniuliza kama chanjo hizi zimewahi kujaribiwa kwa watoto wa huku. Nikamweleza kuhusu Soweto, upande wa pili wa jiji hili hili. Karibu watoto 40,000 waliingia kwenye jaribio la chanjo ya aina 9, na Keith Klugman, Shabir Madhi na wenzao wakachapisha matokeo mwaka 2003. Chanjo ilipunguza ugonjwa mkali, hata kwa watoto wenye virusi vya Ukimwi. Mwaka 2009 Afrika Kusini ikaanza kutoa ile ya aina 7 kwa watoto wote, na mwaka 2011 ikahamia ya aina 13, yenye 19A ndani. Wazazi wengi wanadaiwa shukrani na familia za Soweto. Mfumo ukarudi, na dirisha likafungwa kwa chakula cha mchana.

Ijumaa

Umeme upo. Maji yamerudi, ya rangi ya kahawia. Kibali bado. Kazi imetoka kwenye foleni ya kompyuta na matokeo yameanza kuingia polepole, na usomaji wake utachukua wiki nyingine.

Foleni za wiki hii zimenichosha, lakini ipo moja ambayo sitamshauri mtu aiache. Kwa Afrika Kusini, chanjo ya nyumokokasi hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 14 na miezi 9. Kwenu ratiba inaweza kutofautiana, mwulizeni muuguzi. Kama tarehe imefika, mpelekeni mtoto kliniki, mkae kwenye benchi, mngoje zamu.